Tovuti ya Shule Inamjibu Nani?

Fungua tovuti kumi za shule au za vikundi vya kijamii, za nchi yoyote, na utaona jinsi zinavyofanana. Juu kuna picha kubwa inayobadilika kila baada ya sekunde chache. Chini yake ni salamu za mwalimu mkuu au za mwenyekiti. Hufuata dira, dhima, historia fupi na picha za wajumbe wa bodi. Tarehe ya kufungua shule ipo, lakini imo ndani ya barua iliyoskaniwa, kwenye ukurasa wa "Nyaraka", chini ya menyu ya "Utawala".

Waliozijenga si watu wazembe. Wengi ni walimu, wazazi na vijana wa kujitolea waliokesha wakizipanga. Shida ni kwamba walizipanga kwa kufuata jinsi taasisi inavyojitazama yenyewe, ilhali anayezifungua amekuja na swali lake. Mzazi hajali usafiri uko chini ya idara gani. Anataka kujua basi linapita saa ngapi. Ukilishika hilo, mambo mengi yanayoonekana kuwa ya kiufundi, kuanzia uzito wa picha hadi nani anashika neno la siri, yanarudi kwenye swali moja: aliyekuja na shida yake ataondoka na jibu?

Anza na wanaopokea simu

Kabla ya kufikiria rangi au programu, nenda kwa wale wanaoulizwa kila siku. Shuleni ni karani wa ofisi. Kwenye jumuiya ni katibu, au yule mama ambaye namba yake kila mtu anayo. Waombe waandike, kwa wiki mbili, kila swali wanaloulizwa, kwa maneno yaleyale ya muulizaji. Orodha huwa fupi kuliko mtu anavyotarajia kwa sababu maswali yanajirudia: tunafunga lini, ada inalipwaje, fomu ya kujiunga iko wapi, nimpigie nani mtoto akiugua, mkutano ni saa ngapi, nawezaje kuchangia, mnahitaji watu wa kujitolea?

Serikali ya Uingereza ilipita njia hiyohiyo, kwa ukubwa mwingine kabisa, ilipozindua GOV.UK Oktoba 2012 kuchukua nafasi ya tovuti za Directgov na Business Link. Kanuni ya kwanza ya timu iliyoijenga ilikuwa kuanza na mahitaji, nao wakafafanua kuwa ni mahitaji ya mtumiaji, si ya serikali. Shule ndogo inaweza kuifuata kanuni hiyo kwa daftari na kalamu.

Maswali matano au sita ya juu ndiyo yanayostahili ukurasa wa mwanzo, na jibu likiwa fupi liandikwe palepale. Badala ya kiungo kinachosema "Kalenda" pekee, weka mstari unaosema muhula unaanza lini, kisha kiungo cha kalenda nzima kwa anayetaka zaidi. Salamu za mwalimu mkuu zihamie "Kuhusu sisi". Hazijadharauliwa, mzazi anayechagua shule, au mfadhili anayetaka kujua anashughulika na nani, atazifuata huko na kuzisoma kwa utulivu.

Menyu nayo iseme kwa lugha ya muulizaji. "Ada", "Kujiunga", "Kalenda" na "Wasiliana nasi" zinaeleweka mara moja. "Rasilimali", "Huduma Mtambuka" na "Uwezeshaji" ni maneno ya ripoti, na mtu anayeyaona kwenye simu analazimika kubahatisha.

Picha zinazobadilika ukurasani zinahitaji neno lake, kwa kuwa karibu kila kamati huziomba. Mwaka 2013, Erik Runyon wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alichapisha takwimu za tovuti ya chuo hicho: takriban asilimia 1 tu ya waliotembelea ukurasa wa mwanzo ndio waliobofya mojawapo ya picha hizo, na asilimia 84 ya mibofyo hiyo ilikwenda kwenye picha ya kwanza. Kwa maneno mengine, habari iliyowekwa kwenye picha ya nne karibu haipo. Nionavyo mimi, picha hizo hudumu kwa sababu zinamaliza ubishi kikaoni: kila idara inataka kuwa mbele, na kifaa hiki kinamwahidi kila mmoja kuwa yuko mbele. Ni amani ya ndani inayolipiwa na mgeni. Kamati yenye ujasiri huchagua picha moja nzuri, ya watu wake halisi wakiwa kazini, na kuiacha itulie.

Sentensi inayofika haraka

Maneno ndiyo sehemu kubwa ya usanifu, ingawa mara nyingi huachwa mpaka mwisho. Tazama tangazo kama hili:

"Uongozi unapenda kuwataarifu wazazi na walezi wote kwamba, kufuatia kikao cha bodi kilichoketi hivi karibuni, imeazimiwa kuwa mkutano wa wazazi uliokuwa ufanyike tarehe 14 ya mwezi huu sasa utafanyika tarehe 21, muda na mahali vikibaki kama ilivyotangazwa awali."

Ni Kiswahili safi cha barua. Lakini msomaji anavuka maneno kumi na saba kabla ya kuufikia mkutano wenyewe, anabebeshwa tarehe mbili kichwani, kisha anatumwa akatafute tangazo la zamani ili apate saa na mahali. Lilelile linaweza kuandikwa hivi:

"Mkutano wa wazazi umesogezwa. Sasa ni Jumamosi, 21 Machi 2026, saa 4:00 asubuhi, ukumbi wa shule."

Heshima haijapungua. Aliyeahirisha atajwe chini, pamoja na sababu, kwa anayetaka kujua. Jakob Nielsen, ambaye amechunguza kwa miaka mingi jinsi watu wanavyotumia kompyuta, alionyesha mwaka 2006 kwa vifaa vya kufuatilia macho kwamba wengi hawasomi ukurasa wa tovuti neno kwa neno. Husoma mistari ya juu, kisha macho yao hushuka ubavuni upande ambako mistari inaanzia. Habari yenyewe ikae mwanzoni mwa sentensi, na sentensi yenye uzito ikae mwanzoni mwa aya.

Na mwaka uandikwe. "Tarehe 21 ya mwezi huu" haina maana kwa mtu anayeifungua baada ya miezi sita kupitia Google.

Jumuiya nyingi zina watu wa lugha zaidi ya moja. Hapo orodha ya lugha iandikwe kwa lugha zenyewe, bila bendera. Bendera ni ya nchi, na lugha moja hukaa katika nchi nyingi. Maandishi yasiwekwe ndani ya picha, kwa maana programu za kutafsiri hufanya kazi kwa uhakika zaidi zikikuta maandishi halisi.

Uzito unaobebwa na mgeni

Mei 2010 msanifu Ethan Marcotte alichapisha makala iliyotoa wazo la tovuti inayojipanga upya kulingana na upana wa skrini. Leo karibu kila muundo uliotengenezwa tayari unafanya hivyo, kwa hiyo wengi hudhani suala la simu limekwisha. Kujipanga kwenye skrini ndogo kumetatuliwa kweli. Uzito haujatatuliwa.

Chukua picha moja ya mahafali iliyopigwa kwa simu ya kisasa, yenye megabaiti 5, ikapakiwa kwenye tovuti kama ilivyo. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo hiyo ni megabiti 40. Kwenye mtandao wa 3G unaopitisha megabiti 1.6 kwa sekunde, picha hiyo peke yake inachukua sekunde 25. Nielsen huweka sekunde 10 kuwa ukomo wa mtu kuendelea kuikazia macho kazi aliyoianza. Baada ya hapo mawazo yake yameshahama. Sasa ipunguze picha ileile hadi upana wa pikseli 1600, yaani nukta zinazounda picha, na uihifadhi kwa mbano wa kawaida wa JPEG au WebP, ambazo ni aina za faili za picha. Mara nyingi itashuka hadi kilobaiti 200 hivi, na kwa mtandao uleule itafika kwa sekunde moja. Kwenye skrini ya simu, macho hayataona tofauti.

Anayelipia tofauti hiyo ni mgeni, kwa bando lake. Ukurasa wenye picha kumi za mahafali ambazo hazijapunguzwa ni megabaiti 50, na mzazi aliyeufungua huenda alitaka namba ya simu ya ofisi tu. Ndiyo maana nasema kupunguza picha ni adabu kabla ya kuwa ufundi. Ifanywe kazi ya lazima kwa kila anayepakia, au iwekwe programu inayopunguza yenyewe. Video isianze kucheza bila kuombwa.

Kisha kuna PDF. Ofisi huandika barua, huichapa, huigonga muhuri, huiskani na kuiweka kwenye tovuti, na kila mtu anaona kazi imekwisha. Kwa kompyuta, kilichowekwa pale ni picha ya karatasi. Kwa kawaida mtu hawezi kutafuta neno ndani yake, programu ya kumsomea asiyeona haipati kitu cha kusoma, na mwenye simu anavuta ukurasa huku na huku kwa vidole viwili kama anayetafuta sindano mchangani. Barua yenye muhuri inaweza kubaki kama kumbukumbu, lakini maneno yake yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe. PDF iachiwe kazi inayoiweza vizuri, yaani fomu na nyaraka za kuchapa.

Wasioona, wasiosikia, wanaotetemeka mikono

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote, wanaishi na ulemavu mkubwa. Katika shule yoyote ya ukubwa wa kawaida, hao wamo miongoni mwa wanafunzi, wazazi na walimu. Kuna pia babu anayemlea mjukuu na ambaye macho yake hayako kama zamani.

Mwongozo unaotumika duniani kwa jambo hili unaitwa WCAG, na hutolewa na W3C, chombo kinachoratibu viwango vya wavuti. Toleo la kwanza lilitoka 1999, na toleo la 2.2 likatoka Oktoba 2023. Ni waraka mrefu, lakini sehemu inayoigusa tovuti ya kawaida ya shule si kubwa. Kila picha yenye habari iwe na maelezo yake kwa maandishi. Vichwa vya habari viwekwe kama vichwa kwenye programu, visiwe maandishi ya kawaida yaliyokolezwa tu, kwa kuwa asiyeona huruka kutoka kichwa hadi kichwa. Video iwe na manukuu, yaani maneno yanayosemwa yaandikwe kwenye skrini. Vitufe viwe na ukubwa wa angalau pikseli 24 kwa 24 ili kidole kisichotulia kiweze kuvigusa, na vikiwa vikubwa zaidi ni heri. Kiungo kiseme kinakokwenda: anayetumia programu ya kusomewa anaweza kuomba orodha ya viungo vyote vya ukurasa, na akisomewa "bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa" hajaambiwa chochote.

Rangi ndiyo huleta ubishi, maana shule ina rangi zake na zinapendwa. WCAG inapima tofauti ya mwanga kati ya maandishi na kilicho nyuma yake, na inataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Maandishi ya njano safi juu ya nyeupe yana takriban 1.07 kwa 1, yaani karibu hayaonekani kabisa, hata kwa mwenye macho mazima akiwa juani. Lakini maandishi meusi juu ya njano ileile yanazidi 19 kwa 1. Shule haihitaji kuiacha njano yake, inatakiwa tu kuigeuza kuwa mandhari na kuiondoa kwenye herufi. Vikokotoo vya kupima hili viko mtandaoni bila malipo na huchukua dakika moja.

Na rangi peke yake isibebe habari. Kalenda inayosema "siku nyekundu ni za mapumziko" haimsaidii asiyetofautisha nyekundu na kijani. Andika neno "mapumziko".

Watoto wa watu

Picha za wanafunzi ndizo zinazoipa tovuti uhai, na ndizo zinazotaka uangalifu kuliko kitu kingine chochote kilichomo. Ridhaa ya mzazi iwe ya maandishi, iseme picha itatumika wapi, na iwe rahisi kuiondoa. Jina kamili, sura na darasa la mtoto visikae pamoja. Mgeni asiye na nia njema akivipata vyote vitatu anaweza kusimama getini na kumwita mtoto kwa jina. Kuna pia jambo lisiloonekana: simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali hasa ilipopigwa. Programu nyingi za kupunguza picha zina chaguo la kufuta taarifa hizo, na chaguo hilo liwashwe.

Kwenye fomu, uliza kinachohitajika kwa kazi iliyopo. Mtu anayejiandikisha kuhudhuria mkutano hana haja ya kutoa tarehe yake ya kuzaliwa. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, inayotumika tangu 25 Mei 2018, imeweka hilo kuwa kanuni, na ni kanuni njema hata pale ambapo sheria hiyo haifiki: taarifa ambayo hukuikusanya haiwezi kuvuja.

Tovuti ipite kwenye HTTPS, njia inayoficha kwa msimbo mawasiliano kati ya mgeni na tovuti. Tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huandika kando ya anwani isiyo nayo kwamba si salama, na mzazi akiliona neno hilo kwenye fomu ya shule ana haki ya kuondoka. Cheti cha kidijitali kinachoiwezesha hupatikana bure kupitia huduma ya Let's Encrypt, na kampuni nyingi zinazohifadhi tovuti hukiweka zenyewe.

Nani anashika funguo?

Hapa ndipo tovuti nyingi hufia. Inakuwa hivi: kijana mwenye moyo wa kujitolea anajenga tovuti nzuri. Anasajili jina la kikoa, yaani ile anwani watu wanayoiandika, kwa jina lake na kwa barua pepe yake, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka. Miaka miwili baadaye amehamia mbali na ana kazi nyingine. Ilani ya kulipia upya inakwenda kwenye barua pepe ambayo haifungui tena. Tovuti inazimika, na baada ya muda wa kusubiri kwisha, jina linarudi sokoni na mtu yeyote anaweza kulichukua, pamoja na anwani iliyoandikwa kwenye kila barua, bango na sare. Hakuna aliyekosa uaminifu hapo. Ni kwamba funguo zilibaki mfukoni mwa mtu badala ya kuwa ofisini.

Kwa hiyo jina la kikoa lisajiliwe kwa jina la taasisi, kwa barua pepe ya ofisi inayosomwa na watu wawili au zaidi. Malipo yawekwe kujirudia yenyewe, na tarehe yake iwe kwenye kalenda ya mhasibu. Uwepo waraka mmoja unaosema jina limesajiliwa wapi, tovuti imehifadhiwa wapi, inatumia programu gani, nakala rudufu ziko wapi, na ni nani wenye ruhusa ya kuingia. Anayeondoka aondolewe ruhusa siku hiyohiyo, na kila mtu awe na akaunti yake. Neno la siri linalotumiwa na watu sita haliwezi kusema nani alifuta nini.

Kuhusu programu yenyewe, jumuiya nyingi huchagua WordPress, iliyoanza 2003 na ambayo sasa inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti zote duniani. Ni programu huria, na watu wanaoifahamu wako kila mahali, jambo ambalo kwa shule lina thamani kuliko urembo wowote. Gharama yake ni matunzo: programu hiyo na programu-jalizi zake, yaani vipande vinavyoiongezea kazi, husasishwa mara kwa mara ili kuziba mianya ya usalama, na ikiachwa mwaka mzima huwa mlango wazi. Taasisi isiyo na mtu wa kazi hiyo itulie na huduma ya kujenga tovuti ambako kampuni yenyewe inashughulikia usalama, hata kama ina mipaka yake. Uliza mapema jambo moja: siku tukihama, tunaondokaje na maandishi na picha zetu?

Wengine husema kundi la WhatsApp linatosha, tovuti ya nini? Kundi ni zuri kwa habari ya leo. Lakini ujumbe wa Jumatatu umezama kufikia Jumatano, mzazi mpya hayumo, na anayetafuta shule hawezi kusoma ya humo. Vikae pamoja: jibu likae kwenye tovuti, na ujumbe ubebe kiungo chake.

Kila ukurasa uwe na mwenyewe, mtu anayetajwa kwa cheo, na tarehe ya kuupitia tena. Kurasa nane zilizo hai ni bora kuliko sitini ambazo nusu yake zinatangaza matukio yaliyopita. Ukurasa usio na mwenyewe ufutwe.

Kaa kimya utazame

Kikao hakiwezi kuamua kama tovuti inafaa, kwa kuwa waliomo wote wanajua majibu. Mwaka 2000 Nielsen aliandika kuwa kujaribu na watu watano kunatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na ni bora kujaribu na watano, kurekebisha, kisha kujaribu tena na wengine watano, kuliko kufanya jaribio moja kubwa. Tafuta mzazi mpya, mwanachama mzee, mtu anayetumia simu ya bei nafuu, asiyeona vizuri, na mtu ambaye lugha ya tovuti si lugha yake ya kwanza. Mpe kila mmoja simu yake mwenyewe na kazi moja halisi: "Mtoto wako ana homa leo. Tafuta namba ya kutoa taarifa."

Usimwelekeze. Usimwambie menyu iko wapi, wala usimweleze kwa nini mlipanga hivyo. Andika aligusa nini kwanza, alirudi nyuma wapi, na alisema neno gani alipokuwa akitafuta; mara nyingi neno hilo ndilo lilipaswa kuwa kwenye menyu. Alipokwama parekebishwe wiki hiyohiyo, kisha aitwe mtu mwingine ambaye hajawahi kuiona.